Mauzo yamepanda, mtaji umekwenda wapi?

Katika siku za mwisho wa Desemba na za mwanzo wa Januari, maduka mengi ya Kariakoo, Manzese na hata Mwanjelwa kule Mbeya hufanya hesabu ya aina moja. Mwenye duka hufungua daftari la mauzo, hujumlisha miezi 12, hulinganisha na jumla ya mwaka uliotangulia, na akikuta mwaka huu umezidi hulifunga daftari kwa furaha. Kisha huandika lengo la mwaka mpya: mauzo yapande tena, pengine kwa asilimia 20. Ni wachache wanaojiuliza kwa nini duka lililouza zaidi limeanza Januari na rafu zenye mapengo, au kwa nini tajiri mwenyewe amekwenda kukopa SACCOS ili alipe pango la fremu.

Mauzo ni fedha inayopita dukani, si inayobaki. Hilo kila mfanyabiashara analijua kwa mdomo, lakini ni wachache wanaolipima kwa kalamu.

HESABU YA MTAA WA UHURU

Chukulia mfano wa duka la khanga na vitenge katika Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam. Mwaka juzi liliuza mali ya shilingi milioni 60, na mwaka jana milioni 66. Ongezeko ni asilimia 10, na kwa mazungumzo ya barazani mwenye duka huyo anahesabiwa kuwa amefanikiwa.

Sasa hesabu ianze upya. Januari mosi ya mwaka jana duka lilikuwa na mali ya milioni 14 kwa bei ya kununulia. Katika mwaka zikanunuliwa bidhaa za milioni 52. Desemba 31, baada ya kuhesabu doti moja moja mpaka stoo, ilikutwa mali ya milioni 12. Lakini ndani ya hizo milioni 12 mna khanga na vitenge vya milioni 3 vilivyododa: mitindo imepita, rangi zimeanza kufifia, na hata mteja wa mkoani hazigusi. Kwa soko lilivyo, mali hiyo itaondoka kwa nusu ya bei, ikiondoka. Thamani ya kweli ya mali iliyobaki ni milioni 10.5.

Kwa hiyo gharama ya mali iliyouzwa ni milioni 14 ongeza 52 toa 10.5, yaani milioni 55.5. Mauzo yalikuwa milioni 66. Faida ghafi ni milioni 10.5.

Hapo hapo zitolewe gharama. Pango la fremu ni shilingi 300,000 kwa mwezi, milioni 3.6 kwa mwaka. Kijana wa duka analipwa 200,000 kwa mwezi, milioni 2.4. Umeme, ulinzi, usafi na makuli wa kushusha mizigo, milioni 1.2. Leseni, kodi na ushuru mbalimbali, milioni 2. Jumla milioni 9.2. Kilichobaki ni milioni 1.3. Halafu kuna mali kauli: wateja wa jumla walichukua mzigo kwa ahadi ya kulipa wakishauza, na mpaka mwaka unakwisha wanadaiwa milioni 4. Kati ya hizo, milioni 1 iko kwa watu ambao simu zao hazipatikani tena na fremu zao zina wapangaji wapya. Hiyo ifutwe. Faida halisi ya mwaka mzima ni shilingi 300,000.

Hesabu haijaisha. Kila jioni mwenye duka alichukua shilingi 15,000 kutoka kwenye droo kwa matumizi ya nyumbani. Si fedha nyingi, na hakuna mwenye familia Dar es Salaam atakayemlaumu. Lakini kwa siku 312 za kazi ni shilingi milioni 4.68. Duka lilizaa laki tatu, nyumba ikala karibu milioni nne na laki saba. Tofauti ya milioni 4.38 ilitoka kwenye mtaji. Ndiyo yale mapengo ya rafuni, na ndiyo maana ya mkopo wa SACCOS.

Mwenye duka huyo hakuibiwa. Kijana wake ni mwaminifu. Alichokosa ni kuandika kiasi anachojilipa na kukiingiza kwenye gharama kama mshahara wa mtu mwingine yeyote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lilikuwapo lakini lilikuwa na safu moja tu, ya mauzo.

Kuna jambo jingine ambalo jumla ya mauzo ililificha. Mwaka juzi duka lilipata faida ghafi ya milioni 12 kwa mauzo ya milioni 60, yaani katika kila shilingi 100 zilizoingia, 20 zilibaki kabla ya gharama. Mwaka jana zilibaki kama 16. Sehemu ni ile mali iliyododa, na sehemu ni punguzo la bei lililotolewa kushindana na majirani. Aliuza zaidi akapata kidogo. Anayepanga lengo la mwaka ujao kwa kutazama mauzo peke yake atapunguza bei tena, na mauzo yatapanda tena.

Mwenye fedha za kuwekeza naye ana swali lake hapo. Milioni 14 zile zile, kama zingewekwa katika hatifungani ya serikali ya miaka 20 yenye riba ya asilimia 12.10, kiwango kilichotangazwa Aprili 2022, zingelipa shilingi 1,694,000 kwa mwaka bila kuli wala pango. Haina maana kwamba watu wafunge maduka. Duka linampa mwenyewe kazi na chakula, na hatifungani haimpi kazi. Ila mtu akijua fedha yake ingeweza kuzaa kiasi gani ikiwa imelala, hapo ndipo anapoweza kusema kwa haki kama jasho lake lilimlipa.

KUHESABU MALI

Kazi hii yote husimama au huanguka kwenye jambo moja linalochosha kuliko mengine: kuhesabu mali iliyomo dukani na stoo kwa mkono, bila kukisia. Wengi hukisia. Hutazama rafu na kusema "hapa pana kama milioni kumi." Makisio ya namna hiyo yakikosea kwa milioni mbili, faida ya mwaka nayo imekosewa kwa milioni mbili, na kwa duka la mfano huu hiyo ni tofauti kati ya kupona na kufilisika.

Mali ihesabiwe kwa bei ya kununulia, isipokuwa ile ambayo soko halitairudishia hata bei hiyo. Hiyo ihesabiwe kwa bei itakayouzika. Nafaka na maharage zipimwe kwa mizani. Gunia la lumbesa likihesabiwa kama gunia la kilo 100 linavuruga kila kitu kinachofuata. Vilivyopasuka, vilivyoliwa na panya na vilivyopitwa na tarehe vitengwe na kuandikwa peke yake, kwa sababu orodha hiyo humwambia mwenye duka ni bidhaa gani aache kununua.

Nakala ya orodha isikae dukani. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, moto haukuchagua kati ya bidhaa na madaftari. Kampuni ya bima humtaka anayedai fidia aonyeshe alikuwa na nini, na benki humuuliza hivyo hivyo anayeomba mtaji wa kuanza upya.

Kumbukumbu zina faida nyingine inayohesabika kwa fedha taslimu. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu alipangiwa kodi ya shilingi 100,000. Anayetunza alitakiwa kulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Mwenye genge anayeuza milioni 5 kwa mwaka na kuandika, kodi yake ni shilingi 30,000. Daftari la shilingi elfu mbili limemwokolea 70,000.

MACHI SI MACHI

Kulinganisha mwaka na mwaka kuna mitego yake. Wa kwanza ni kupanda kwa bei. Kati ya miaka ya 1990 mfumuko wa bei nchini ulipita asilimia 25 kwa mwaka, na mwenye duka aliyejisifu wakati huo kwamba ameuza asilimia 20 zaidi kwa hakika alikuwa amehamisha mali pungufu. Mwaka 2024 mfumuko ulikuwa karibu asilimia 3, kwa hiyo mtego huu umelegea. Haujaondoka, hasa kwa anayeuza kitu kimoja ambacho bei yake hupanda kwa njia yake, kama mchele au sukari.

Wa pili ni kalenda, na huu unawanasa hata wenye kompyuta. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2024 Idd el Fitri iliangukia Aprili 10, kwa hiyo kumi la mwisho, ambapo nguo na viatu vya watoto huuzwa kuliko wakati mwingine wowote, lilikuwa karibu lote ndani ya Aprili. Mwaka 2025 Idd ilikuwa Machi 31, na kumi la mwisho likawa lote ndani ya Machi. Muuza nguo aliyelinganisha Aprili na Aprili aliona biashara imeporomoka, na aliyelinganisha Machi na Machi aliona imelipuka. Wote wawili waliona mwezi tu. Kwa biashara za namna hiyo, wiki ya kabla ya Idd ilinganishwe na wiki ya kabla ya Idd, popote iangukiapo. Anayependa kutazama mbali akumbuke kwamba mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, mwezi Januari na tena mwisho wa Desemba.

Wa tatu ni dola. Anayeagiza mzigo China ana bei mbili katika kila bidhaa: bei ya kiwandani na bei ya dola siku aliyolipa. Dola moja ilianza mwaka 2024 ikiwa karibu shilingi 2,500, ikapita 2,700 mwezi Septemba, kisha Desemba ikateremka ghafla kuelekea 2,400. Aliyelipia kontena Septemba na kulifungua Desemba alijikuta jirani yake anauza kwa faida kwa bei ambayo kwake ni hasara. Mtu huyo akitazama hesabu zake za mwaka huo asijilaumu kwamba alichagua bidhaa mbaya, wala aliyelipa Desemba asijisifu kwamba ana jicho la biashara. Yafaa kila mzigo uandikwe na bei ya dola iliyotumika, ili mwisho wa mwaka ijulikane faida iliyotokana na biashara na iliyotokana na shilingi.

Na kuna mambo ambayo mwenye duka hana mkono nayo hata kidogo, lakini lengo lake limeyaegemea bila yeye kuyaandika. Maduka ya Mtwara, Masasi na Newala huishi kwa korosho. Msimu wa 2017/18 uzalishaji nchini ulizidi tani 300,000 na bei ikawa nzuri. Mabati, pikipiki na saruji vikaondoka. Aliyepanga 2018/19 kwa kuongeza juu ya mwaka ule alikuta wanunuzi binafsi wamegomea bei, Serikali ikatangaza Novemba 2018 kwamba itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa muda mrefu. Mali iliagizwa na fedha ya kuinunua haikuja kwa wakati. Mwenye duka wa kusini anayepanga malengo bila kuandika pembeni "iwapo korosho italipwa Novemba" ameandika matumaini tu.

WAKUBWA NAO

Isidhaniwe kwamba haya ni maradhi ya wachuuzi. Nakumatt ya Kenya ilikuwa na matawi yapatayo 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki, na mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite hapa Tanzania. Mauzo yalikuwa makubwa mno. Lakini duka la namna hiyo huuza kwa fedha taslimu na kuwalipa waleta bidhaa baada ya wiki au miezi, na fedha hiyo ya katikati ikitumiwa kufungua matawi mapya, inakuja siku ambapo rafu ni tupu na waleta bidhaa hawaleti tena. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, madeni yakiwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifilisiwe. Walioumia zaidi ni waleta maziwa, mikate na mboga, ambao kila mwezi waliona mauzo yao kwa Nakumatt yanapanda katika vitabu vyao. Yaliyopanda yalikuwa madeni.

Duka la Mtaa wa Uhuru lina dalili hiyo hiyo kwa kiwango chake. Mali yake hukaa wastani wa siku 80 kabla ya kuuzwa: gharama ya mali iliyouzwa, milioni 55.5, ikigawanywa kwa wastani wa mali iliyomo dukani, milioni 12.25, inaonyesha kwamba mali ilizunguka mara nne na nusu kwa mwaka. Akipewa mzigo wa kulipa baada ya siku 30, siku 50 zilizobaki anazilipia kwa fedha ya nani?

Kwa wanunuzi wa hisa, kosa la kutazama mstari wa juu wa hesabu ni lile lile. Mwaka 2017 faida ya benki ya CRDB ilishuka hadi karibu nusu ya mwaka uliotangulia. Wateja walikuwapo na mikopo ilikuwapo, ila mikopo chechefu ilibidi itengewe fedha. Baada ya kusafisha vitabu faida ilipanda tena, na gawio likatoka shilingi 36 kwa hisa kwa mwaka 2021 hadi shilingi 65 kwa mwaka 2024. Benki iliyokubali mapema kwamba deni fulani halitalipika ilionekana mbaya kwa mwaka mmoja. Mwenye duka anayeliacha deni la miaka miwili kwenye orodha ya mali zake anaonekana mzuri kila mwaka, mpaka siku ya kulipa pango.

LENGO HUANZIA MWISHO

Basi mwenye duka wa Mtaa wa Uhuru apange nini? Kuongeza asilimia 10 juu ya milioni 66 ni kupanga hewani. Aanze na anachohitaji kibaki. Nyumba inataka milioni 4.68. Gharama za duka ni milioni 9.2, kama pango halitapanda. Anataka arudishe walau milioni 2 kwenye mtaji ulioliwa. Jumla anahitaji faida ghafi ya milioni 15.88.

Akiendelea kubakiza shilingi 16 kwa kila 100, itambidi auze milioni 99.25. Hilo ni ongezeko la nusu nzima juu ya mwaka jana, na kwa mtaji uliopungua haliwezekani. Akirudi kwenye 20 kwa kila 100 kama mwaka juzi, mauzo yanayotakiwa ni milioni 79.4, ambayo ni asilimia 20 zaidi. Ni mlima, lakini una njia. Kwa siku ni kama shilingi 255,000 badala ya 212,000 za mwaka jana, na tarakimu hiyo ya siku ndiyo ya kubandika nyuma ya kaunta, maana kijana wa duka hawezi kufanya lolote na milioni 79, ila anaweza kujua saa kumi jioni kwamba bado laki moja.

Lengo la kwanza, basi, ni zile shilingi nne katika kila mia zilizopotea. Atazirudisha kwa kuacha kununua mitindo asiyoijua, kwa kukataa punguzo kwa mteja anayenunua doti mbili, na kwa mali kauli kuwa na mpaka: deni likipita siku 30 hapati mzigo mwingine, awe rafiki au shemeji. Hili la shemeji ndilo gumu kuliko hesabu zote zilizotangulia, na kuna maduka yaliyokufa kwa aibu ya kudai.

Mali iliyododa iondoke Januari, wakati wazazi hawana fedha lakini bado wanapita kutafuta sare za shule. Wengi hukataa kuuza kwa hasara, wakisema watasubiri. Lakini milioni 3 ya rafu ya juu ikiuzwa milioni 1.5, na fedha hiyo ikanunua mali inayokwenda na kuzunguka mara nne na nusu kama mali nyingine za duka, kwa kubakiza 20 katika kila 100 italeta faida ghafi ya karibu milioni 1.7 ndani ya mwaka. Hasara aliyoiogopa imerudi na ziada. Ikisubiri rafuni, Desemba ijayo huenda isifike hata hiyo milioni 1.5.

Kwa wanaotengeneza hesabu kamili na kulipa kodi ya mapato kwa makadirio, fedha za awamu nne zitengwe tangu mwanzo, kwa kuwa tarehe zinajulikana: Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Awamu ya Machi ndiyo huwakuta wengi vibaya. Inakuja baada ya ada za shule na pango la miezi sita, na katika miaka hii inaangukia pia karibu na Idd, wakati ambapo fedha yote imelala kwenye mzigo.